Kuhusu Pampu ya Lori la Theluji Inayokataa Kuharibika

Kwa Bi. Joyce Savela,
Msimamizi wa Mji wa Halla Lake,
Kaskazini mwa Michigan.

Mheshimiwa Bi. Savela,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti la mumeo limepata nafuu tangu alipoteleza akienda kuvua samaki kwenye barafu. Mimi pia sijambo, isipokuwa kwa jambo moja tu, nalo limeletwa na halmashauri yako.

Mimi ni Reino Kallioinen, yule mzee mwenye nyumba peke yake juu ya Kilima cha Rauhala, kwenye barabara ya kwenda hospitali. Nalalamikia pampu mpya ya haidroliki mliyofunga kwenye lori la theluji. Haiharibiki. Majira yote haya ya baridi haijaharibika hata mara moja, na kila nikiuliza naambiwa hiyo ndiyo ilikuwa nia.

Nieleze kidogo, kwa faida ya wajumbe wanaoliona lori hilo kupitia dirisha la ofisi tu. Lile beleshi kubwa la chuma lililo mbele yake halijiinui lenyewe. Pampu husukuma oili kwenye mipira, yaani mabomba laini, oili husukuma vyuma, beleshi likapanda, likashuka, likageuka huku na huku. Pampu ikichoka, beleshi hulala barabarani kama ng'ombe aliyegoma, na dereva hana la kufanya ila kutafuta nyumba inayotoa moshi. Kilimani kwetu moshi unatoka kwangu tu. Malalamiko yangu basi ni haya:

1. Pampu ya zamani tulikuwa tumezoeana. Mkuu wa gereji aliyemtangulia huyu wenu wa sasa aliichagua kwa sababu ilikuwa ndogo na imepakwa rangi ya kupendeza. Ilitengenezwa kwa magari madogo ya kusafishia nyua za watu, ikiendeshwa kwa mota ya umeme iliyonyonya betri kama ndama. Kwenye tambarare ilijitahidi. Lakini kilima changu kina kona, na theluji inayotoka ziwani ni nzito, kwa hiyo dereva hulazimika kuinua na kugeuza beleshi bila kupumzika. Hapo pampu ilianza kulia, kisha ikagugumia, na mbele ya lango langu ikakata roho. Nilikuwa nikisikia tu kile kilio, naweka kahawa motoni. Sijapata kuwa na kengele ya mlango nzuri kama ile.

2. Gordon Pelkie, mkuu wenu wa sasa wa gereji. Nilimwendea majani yalipoanza kupukutika, nikamwuliza kwa upole anafanya nini. Akanieleza kwamba pampu huchaguliwa kwa kutazama uzito wa beleshi na kazi inayoingojea. Hii mpya inazungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo haiiombi betri kitu. Tena anamwaga oili yote ya zamani na kutia mpya kila mwaka kabla theluji haijaanza, anabadilisha chujio, anakagua mipira kama imepasuka, na hafungui kiungo chochote kabla ya kukipangusa, mchanga usije ukaingia. Nikamwuliza kama hilo la kupangusa ni lazima. Akaniletea kopo la oili iliyotoka kwenye pampu ya zamani. Ilikuwa nyeupe kama uji.

"Haya ni maji, Mzee," akasema. "Yaliingia humu, na yakiganda yanaziba kila kitu. Walionitangulia walikuwa wanatia oili mpya juu ya uchafu wa zamani."

Nikamwambia uji huo umenywesha watu wengi supu. Hakunielewa. Ni kijana mwenye adabu, ila anapangusa mno.

3. Wageni wangu. Tangu mke wangu Elma afariki, waliofungua mlango wangu wengi wao ni watu waliokwama nyuma ya lori lenu. Umewasahau ndugu wawili wa Ruona, Carl na Dale? Miaka mingi walikuwa hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa msitu wa baba yao. Siku moja lori likafa mbele yao, kila mmoja kwenye gari lake, na baridi haikuwapa nafasi ya kuchagua nyumba. Nikawakalisha wote kwenye sauna, kile chumba changu cha kuogea mvuke, nikamwaga maji juu ya mawe ya moto, nikamwaga tena. Mvuke ulipozidi, Carl akanigeukia mimi akasema, "Mwambie huyu asogee." Nikamjibu, mwambie mwenyewe. Masikio yakamwiva mekundu, kisha akasema, "Dale, sogea." Dale akasogea. Mpaka wa msitu waliumaliza kabla supu ya samaki haijaiva. Mahakama yenu ya wilaya ilishindwa kuimaliza kesi hiyo. Pampu mbovu ikaiweza.

4. Mtoto. Mwaka uliofuata Dale alikuwa anampeleka mkewe Kristin hospitali kujifungua. Lori likawatangulia kuwafungulia njia, na kilimani pampu ikafanya kawaida yake. Mtoto alizaliwa kwenye sauna yangu, akapokewa na Darlene Tervo, dereva wa lori, ambaye hadi siku ile hakuwa amepokea kiumbe chochote ila samaki. Nilipomhadithia Gordon kisa hiki hakucheka. Alisema, "Mama yule angeweza kutufia pale, Mzee Reino." Ni kweli, na sikatai. Mimi mwenyewe beseni la maji lilinishinda kubeba. Lakini mtoto yule anaitwa Elma. Naiuliza halmashauri: hiyo pampu mpya imemzaa nani?

5. Darlene mwenyewe. Zamani alikuwa anakaa jikoni kwangu mchana mzima akisubiri fundi, akinifunga kwenye karata na kunitania kwamba nacheza kama mchungaji wa kanisa. Siku hizi ananipungia mkono tu. Wiki iliyopita nilisimama barabarani na chupa ya kahawa na mkate wa iliki, ikambidi asimame. Nikamwambia ashuke, kikombe kimoja tu.

"Leo siwezi kukwama, Mzee Reino, hata nikitaka," akaniambia dirishani. "Kitu kinapanda, kinashuka. Na watoto wa shule wa upande wa ziwani wananingoja."

Akachukua mkate, akaondoka. Bi. Savela, huko siko kukaribisha mgeni. Huko ni kulisha treni.

6. Nimelazimika kujitetea. Jumatatu nilitoka na koleo langu, nikajenga tuta la theluji kuvuka barabara nzima, nikalimwagia maji ligande. Kwa umri wangu haikuwa kazi ndogo. Lori likapita humo kama kisu kwenye samli. Darlene akapiga honi kunishukuru, akidhani nilikuwa namsaidia.

Kwa hiyo naomba pampu ya zamani irudishwe. Ikishindikana, Gordon akatazwe kubadilisha oili msimu ujao. Hilo nalo likishindikana, mkanda unaoizungusha pampu ulegezwe kidogo tu, kiasi cha kuamsha kile kilio. Na kama hata hilo ni zito, itungwe sheria ndogo kwamba lori litaharibika kwa hiari yake mbele ya lango langu kila Jumamosi, sauna inapowaka. Supu ni juu yangu. Sioni kama nimeomba makubwa.

Nisalimie mumeo na goti lake, wajumbe wote, hata yule anayesinzia vikaoni, na akina mama wa kanisani waliosahau njia ya kwangu tangu barabara ilipokuwa nzuri.

Ni mimi, mkazi wako mwenye sufuria kubwa kuliko mahitaji yake,

Reino Kallioinen

Baada ya sahihi: Barua hii haikufika posta. Nilipokuwa naipeleka, niliteleza langoni, nyonga ikavunjika, na theluji ikaanza kunifunika hapo hapo nilipolala. Darlene ndiye aliyeniona. Alinifunika kwa koti lake, akaita gari la wagonjwa, kisha akalitangulia kilima kizima akisafisha njia. Nililala mle ndani nikitega sikio. Tulipofika kwenye kona nikajikuta naiomba ile pampu, kwa Kifini alichonifundisha mama yangu, kwamba tafadhali isilie. Haikulia. Daktari anasema ningekaa nje kidogo zaidi angekuwa na kazi nyepesi ya kuandika cheti cha kifo.

Kwa hiyo nakusihi upuuze namba moja hadi sita, pamoja na maombi yote. Mwambie Gordon aimwage oili hata kabla ya wakati wake, na apanguse anavyotaka.

Nina lalamiko jingine, nalo ni zito zaidi. Kwa kuwa barabara iko wazi, watu hawaishi kuja kunitazama. Wamekuja akina Ruona wote, na Gordon, na akina mama wa kanisani na vyakula vyao. Lakini muuguzi wa zamu ya mchana anaruhusu wageni wawili tu kwa mara moja, na jana Darlene alisimama kwenye korido na karata mkononi mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha. Nitajie jina la mkuu wa hospitali hii. Nataka kumwandikia.