Lenzi na Nzi Mwenye Vazi la Nyuki

Mtaa mzima ulimwita Lenzi, na jina lilimkaa, maana nusu yake ni nzi, na nzi ndio waliokuwa wakimlisha. Kuna nzi mmoja mpole, hana mwiba, ila Mungu kamvalisha mistari ya nyuki ili ndege wamwogope. Lenzi alipoligundua hilo alitokwa na machozi ya furaha. Tapeli mwenzake, tena mwenye mabawa!

Kazi yake ilikuwa hivi: unampiga mdudu picha, unamtumia kwa simu, anakwambia ni nani. Akiona mabawa mawili na macho yaliyojaa kichwa kizima, anajua ni nzi. Basi anakujibu, "Nyuki wakali hao, msilale humo!" Kisha anakuja kuwatoa kwa mikono mitupu, watu wakishika vichwa.

Asubuhi moja fundi cherehani, mama mjane, alimtumia picha. Lenzi aliikuza mpaka akahesabu mabawa. Mawili. Akachana nywele, akaenda.

"Wako wapi, mama?"

"Darini, mwanangu. Wateja wameanza kunikimbia. Lakini pesa sina."

Lenzi aliitazama cherehani ya umeme iliyokuwa dirishani. Huruma ilimshika, aliihurumia cherehani hiyo kwa kukaa pahali duni namna ile.

"Pesa ya nini baina yetu? Nitachukua hiyo."

"Ndiyo inayonilisha, baba!" Sauti yake ilitetemeka kweli, maana mambo yakienda kombo angebaki na sindano ya mkono. "Haya. Ila uwatoe wote, na bila glavu, kama ninavyosikia."

"Mama, mimi na hao tunajuana."

Akapanda juu ya meza ya kukatia vitambaa, akakunja mikono ya shati, akang'oa ubao wa dari.

Mwenye kujua atakwambia nzi ana mlio wake na nyuki ana wake. Lenzi alikuwa mtu wa picha, masikio hakuyasomesha. Ubao ulishuka na masega, na wenye masega wakashuka kuuliza kulikoni.

"Mama! Hawa wana mabawa manne!"

"Umehesabu vizuri, mwanangu," mama alijibu, akiwa ameshajifungia nyuma ya mlango wa kioo. "Yule wa kwenye picha nilimkuta kwenye maua ya jirani. Hawa ndio wangu, huu mwaka wa pili."

Lenzi alitoka mbio, kundi zima nyuma yake, akajitosa kwenye pipa la waosha magari, viatu na yote.

Jioni, dari ikiwa kimya, mama alikuwa akikamua masega pamoja na wifi yake, ambaye mwezi uliopita Lenzi alimtolea nzi kumi na wawili akaondoka na friji. Mama akamwonyesha picha aliyoipiga pale kwenye pipa.

Wifi aliigeuza simu huku na huku. "Uso wote umevimba. Ndiye kweli?"

"Ndiye," mama alisema akilamba kidole. "Watu huambiwa, fuata nyuki ule asali. Huyu kafuatwa."