Kapu la Samadi la Darasa la Sita

Jamani, leo heshima yangu imekata roho saa nne asubuhi, mbele ya kidato cha tatu kizima.

Mnajua nafundisha jiografia hapa Tukuyu. Wiki iliyopita niliwakamata wanafunzi wangu wamepika vipimo vya mvua. Badala ya kutoka nje kusoma kipimamvua, walikaa darasani wakajaza tarakimu za kubuni. (Siku tatu mfululizo wameandika hakukunyesha. Tukuyu! Mwezi wa nne!) Nikawapa adhabu: kila mmoja alete ndoo ya samadi kwa ajili ya shamba la shule. Ningeishia hapo ningekuwa salama. Nikaongeza mahubiri.

"Mimi tangu utoto sijawahi kudanganya kwenye kazi ya shule. Kule Kinyala, darasa la sita, kapu langu la samadi lilikuwa linajaa kuliko la mtu yeyote. Dokta Tusekile ni shahidi!"

Dokta Tusekile ni mtafiti wa udongo, anafundisha chuo kikuu. Tulikaa dawati moja miaka saba. Ndiye niliyemwomba azungumze na watoto leo kwa video, wamhoji jinsi utafiti unavyofanyika. Siku mbili nzima niliwafundisha kuhoji. "Msikubali jibu la juu juu. Ulizeni wapi, lini, nani, na ushahidi uko wapi." (Kumbe najichimbia kaburi.)

Asubuhi nikavaa koti langu la harusi. Halifungi tena, lakini nikalivaa. Projekta ikakubali, mtandao ukakubali, na Dokta akatokea ukutani, mkubwa, ana mvi kidogo, kicheko ni kilekile.

"Mugonile!"

Darasa zima likalipuka kwa furaha. Mtafiti anasalimia Kinyakyusa! Kicheko kile nilikuwa nakisikia nyuma yangu kila Ijumaa, kwenye ukungu, tuko peku, majani yamelowa, kiazi cha kuchoma kimebaki na joto mfukoni, kapu kichwani na maji ya samadi yanatiririka hadi sikioni. Nimekumbuka mpaka ile harufu. Nimeitamani, msinishangae.

Akasimama Atupele, binti mpole wa dawati la mbele.

"Shikamoo Dokta. Ulianzaje kupenda utafiti wa udongo?"

"Marahaba mwanangu. Nilianza shule ya msingi. Kila mtoto alikuwa na mgomba wake, na kila Ijumaa tunaupelekea samadi. Sasa kulikuwa na mvulana mmoja, kapu lake ni majani makavu ya migomba tupu, halafu juu kapaka samadi kidogo, kama siagi kwenye mkate."

Nikaanza kukohoa. "Dokta, muda wetu ni mdogo, labda twende swali la pili..."

Hakusikia. Au alisikia.

"Kiangazi kilipokuja, migomba yetu sote ikanyong'onyea. Wa kwake ukabaki kijani! Nikafukua pale chini, nikakuta yale majani yameshika unyevu. Nikajiuliza kwa nini. Swali hilo ndilo kazi yangu mpaka leo."

Makofi. Nikapiga kuliko wote, nikijua nimepona. Atupele hakukaa.

"Dokta, huyo mvulana ni nani?"

"Aa, mwanangu, huyo tumwache."

"Mwalimu Ambokile katufundisha tusikubali jibu la juu juu. Ni nani, na ushahidi uko wapi?"

Dokta akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ambo, niseme?"

Ambo! Hakuna mtu aliyeniita hivyo tangu mama alipofariki. Vichwa arobaini vikanigeukia kwa mpigo, na koti langu ghafla likawa linabana kila mahali. Nikaitikia kwa kichwa. Ningefanya nini?

"Ni mwalimu wenu. Ushahidi ni mimi, nilikuwa natembea nyuma yake," akasema Dokta. Darasa likapasuka. Watu wanapiga meza! Akawanyamazisha kwa mkono. "Lakini andikeni na hili. Kwao ng'ombe alikuwa ameuzwa, baba yao anaumwa. Hata ile samadi ya juu ilitoka kwenye kapu langu. Nilikuwa namgawia njiani, kabla hatujafika shuleni."

Hilo la kugawiwa nilikuwa nimelisahau. Hapana, nadanganya tena. Sijalisahau hata siku moja, nimelificha tu. Nikasimama pale na koti langu, machozi yananilenga, na jambo pekee lililonitoka mdomoni ni neno la shukrani ambalo sikumwambia wakati ule.

"Ndaga, Tuse."

"Ndaga, Ambo."

Darasa likatulia kabisa. Nilidhani wameguswa. Ndipo Lusajo akanyoosha mkono kutoka nyuma.

"Mwalimu, na wewe unaleta ndoo?"

Dokta alicheka mpaka mtandao ukakwama, akabaki ukutani mdomo wazi dakika nzima, na watoto wakicheka chini yake.

Kesho asubuhi natoka nyumbani Bulyaga na ndoo kichwani, jirani yangu mwenye ng'ombe ameshanijazia. Mkikutana nami njiani, tafadhali msicheke. Na msihangaike kupekua, safari hii ni samadi mpaka chini.