Akida wa Joto

Stambuli wa Mafiga alikuwa mtu wa kubana matumizi: katika miaka yake arobaini mjini Morogoro hakupoteza hata tone moja la jasho lake. La wenzake alilitumia bila choyo. Jambo moja tu lilimuuma moyoni, nalo ni kwamba hakuwa na hata shubiri ya ardhi ya kuzeekea.

Basi mwaka ule Wadachi walipoufunga msitu wa Uluguru, wakaweka askari ili mtu asikate hata fito, kuni zikaadimika na watu wa mlimani wakatetemeka kwa baridi. Wenye huruma walisikitika. Stambuli alikwenda Kingolwira, akaokota kando ya reli saa ya kupimia mvuke iliyong'oka kwenye injini mbovu, akaisugua kwa majivu mpaka shaba ikang'aa, akapanda nayo mlimani.

Alimkuta mzee Hatibu amejikunyata kwenye blanketi, akikohoa mbele ya moto.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umeleta kuni?”

“Nimeleta kilicho bora kuliko kuni.” Akaifunua. “Huyu ni akida wa joto. Mdachi kawawekea ninyi akida, nawe mwekee moto wako. Unaelekeza mshale kwenye namba, joto linatii.”

“Na lisipotii?”

“Mzee, umeona wapi amri ya akida ikakataliwa?”

Hatibu akajipapasa mgongo. Viboko vya akida alikuwa akivijua.

Stambuli alikuwa na akida mmoja tu, lakini alimsaidia mteja kuchagua. Alipima kuta kwa shubiri, akahesabu vyumba, akaguna, kisha akatoa hukumu kwamba nyumba hii, bahati iliyoje, ilimfaa huyuhuyu. Halafu yakaja masharti, maana kitu kisicho na masharti nani atakiamini?

“Mtundike ukuta wa ndani, mbali na mlango na mbali na mafiga, asidanganyike. Ziba nyufa zote kwa udongo. Mkienda shamba, rudisheni mshale chini, moto mfukieni kwa majivu. Wakati wa kulala vivyo hivyo, mjifunike. Na msimchezee kila saa, atanuna.”

“Unataka nini?”

“Kile kishamba cha kijitoni.”

Hatibu akakitazama kishamba kupitia mlangoni, akashusha pumzi. “Chukua. Ila kina magugu, na kukilima ni juu yako.” Akampa mkono haraka sana hata Stambuli karibu amwonee huruma.

Maneno matamu, hata hivyo, hayalimi. Vibarua wa mlimani waliyasikiliza, wakacheka, wakaenda zao. Stambuli akashika jembe mwenyewe. Aling'oa magugu, akapanda maharage, akafukuza nyani kwa mawe, viganja vikavimba malengelenge. Alijipa moyo kwamba sasa ana mali yake, Mungu kamwona.

Kilichomkera ni kwamba nyumba ya Hatibu ilipata joto kweli. Mzigo wa kuni wa siku mbili sasa ulifika siku tano, na mzee alimsifu akida kwa kila mpita njia. Hakuna kinachomuudhi mwongo kama uongo wake kumnufaisha mwingine.

Siku ya mavuno alishuka na gunia, akawakuta Mwanaasha, mke wa Hatibu, na dada zake na mjomba wao wakichuma maharage huku wakiimba.

“Wezi! Shamba hili nimepewa na mumeo!”

Mwanaasha akanyoosha mgongo. “Mume wangu? Baba wee, hapa ni Uluguru. Ardhi ni ya ukoo wa mama yangu. Hatibu alikuja kuoa na jembe moja, nalo lilishavunjika.”

Stambuli akamgeukia mzee, aliyekuwa ameketi juu ya jiwe.

“Ulijua?”

“Mwanangu, kulima hapa ni kazi ya aliyeoa. Miaka ishirini nimelima mimi. Mwaka huu mgongo umenigomea.”

Mjomba akakagua mistari ya maharage, akatikisa kichwa kwa kuridhika. “Hatibu, huyu anakushinda.”

Stambuli alitaka kulia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa anaigiza. Mwanaasha akamjazia bakuli la maharage, ujira wa kibarua yeyote, akayatazama malengelenge yake kwa heshima, akamuuliza kama ana mke. Maana mdogo wake Asia alikuwa mjane, na shamba lake lilikuwa na magugu mengi kuliko hili.