Ngerengere Haiwezi Kuwa Hapa

Jamani, leo nimeaibika, tena mbele ya wakwe! Bi Tatu, utakaposomewa barua hii huko Mgeta, kaa chini kwanza. (Na wewe unayemsomea, usianze kucheka kabla yake.)

Mnajua, wewe na wakongwe wenzetu, leo alasiri ndiyo ilikuwa siku ya kumtoa ndani mwali wetu, mjukuu wangu Mwanahawa, huku Ngerengere. Na anayemshika mwali mkono kuvuka kizingiti ni bibi mzaa mama, hakuna mwingine. Mguu ukanivimba, nikachelewa kushuka mlimani. Binti yangu Zuhura akaniletea salamu: "Mama, panda gari moshi la asubuhi pale Morogoro. Kabla ya adhuhuri uko kwangu."

Moyoni nikasema, mwanangu kaanza uongo ukubwani. Morogoro hadi Ngerengere ni kulala mara mbili! Unalala Mikese kwa Bi Zena binti Kibwana, kesho yake unalala kwa Mzee Salumu Kobero, yule mwenye beberu la pembe moja, ndipo ufike. Nikapanda hivyo hivyo, na kapu la viazi vya siku tatu, namwomba Mungu wamngojee mwali.

Nilikuwa namenya kiazi cha pili gari likasimama. Mtu wa gari akapaza sauti: "Ngerengere! Ngerengere!"

Mimi natafuna zangu.

"Bibi, si ulisema Ngerengere? Shuka."

"Mwanangu, usinichezee. Hata hatujalala!"

"Gari halilali, bibi."

"Na kwa Bi Zena tumepita saa ngapi?"

Behewa zima likaangua kicheko. Nikawaonea huruma, watu wazima kudanganyika hivi mchana kweupe.

Filimbi ikalia, tukaondoka. Nachungulia dirishani, wanawake wanakimbia kando ya reli, na mmoja mbele yao anapunga mikono, kanga inamvuka.

"Tazama watu wa huku walivyo wakarimu!" nikamwambia jirani yangu. "Na yule wa mbele kafanana na Zuhura wangu!"

Nikampungia na mimi. (Mikono miwili, jamani! Na kiazi mdomoni!)

"Mama! Mamaaa! Shukaaa!"

Ni Zuhura.

"Nishusheni! Mwali wangu!" Wapi! Gari halijui mama wala bibi. Nikashukia kituo cha mbele, nalia kama mtoto. Fundi mmoja wa reli, Athumani Mbega, Mungu amjalie, akanipakia kwenye kiberenge, kile kigari cha kusukumwa kwa mikono juu ya reli. Wanaume wanne wanasukuma, mimi katikati juu ya kapu kama bibi harusi, macho nimefumba. Upepo ukaondoka na kilemba changu. Nafumbua macho: Ngerengere nzima imejipanga relini, wakwe mbele, vigelegele juu!

Lakini alasiri ilikuwa bado. Nikamshika Mwanahawa mkono, tukavuka kizingiti. Kafunikwa gubigubi, kainamisha kichwa kama inavyotakiwa, mabega yanamtetemeka. Wazee wakaguswa: "Maskini, analia kwa mapenzi ya bibi yake!" Wakamtuza shanga na kanga. Mimi niliyemshika ndiye niliyesikia mbavu zake. Hakuna kilio pale!

Basi nawaomba, msinicheke. Mwali kajibana asitoe sauti, nanyi wakongwe mshindwe?