Siku Saba za Kufunga Mdomo

Jumatatu, 3 Machi
Mpole amenimaliza. Ndiye kinyozi wa ng'ambo ya barabara, na wateja wangu wanahamia kwake mmoja mmoja. Leo kaenda hata Mwalimu Mstaafu, ambaye nimemnyoa tangu akiwa na nywele. Nilimvizia akitoka, nikamuuliza kulikoni. Akasema kwa Mpole hakuna maneno. Ukikaa kitini unasikia mkasi tu, na moyo unatulia kama uko kwenye ibada. Ibada! Kwenye barabara yenye mashine ya kusaga kulia, fundi wa vyuma kushoto na honi kutwa nzima.

Nimeamua. Kuanzia kesho, siku saba bila kusema neno. Nitamzidi Mpole utulivu, na Mungu nitamkaribia pia, nafasi ikipatikana.

Jumanne, 4 Machi
Nimeanza saa moja kamili asubuhi. Saa moja na dakika mbili nikakumbuka sijamwambia mke wangu. Nimeshachelewa. Sharti langu linasema hata kuandika ni kusema (shajara haihesabiki, haisomwi na mtu). Akaniuliza kama chai imekolea sukari. Nikatabasamu kitakatifu. Akauliza nina nini. Nikatabasamu zaidi. Akasema kumbe nimemnunia, basi angalau aambiwe kosa lake.

Sijanuna. Nimenyamaza. Tofauti ni kubwa, ila huwezi kuieleza ukiwa umenyamaza.

Kazini kaja mteja mgeni. Nikapitisha kiganja kichwani kumuuliza apunguzwe kiasi gani. Akadhani ni salamu ya vinyozi, akaitikia kwa kichwa. Nikaziondoa zote. Anaoa Jumamosi.

Alhamisi, 6 Machi
Leo limetokea jambo ambalo sikulipanga. Duka lilikuwa tupu, nikakaa kwenye kiti cha wateja. Kelele zote zilikuwepo, lakini zilipita nje na njia yao. Nikasikia pumzi yangu. Nikaomba bila maneno, na kwa mara ya kwanza maishani sikumpangia Mungu cha kufanya. Machozi yakanitoka. Sijawahi kujisikia mdogo hivyo na kufurahi.

Kisha nikaanza kufikiria nitakavyowasimulia watu. Utulivu wote ukayeyuka.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi Mwalimu Mstaafu alikuja kuchungulia. Akanisemesha, nikanyamaza. Akang'amua kwamba nimeweka nadhiri. Akasema hata Mpole hajafika huko, na akinikuta bado kimya Jumatatu, atarudi kwangu moja kwa moja. Nilikwenda nyumbani mchana nimevimba kichwa.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akaanza kuongea taratibu, bila hasira. Akasema kwa miaka kumi na tisa hajawahi kumaliza sentensi ndani ya nyumba hii. Kwamba nikisema simsikii, na sasa nikinyamaza simjibu, kwa hiyo kwake ni yale yale. Dada yake amemwita akamsaidie kufundisha ushonaji, na anaona aende. Ila nikimwambia abaki, atabaki. Neno moja tu linamtosha.

Nilimsikia. Kila neno. Sauti yake inakwaruza kidogo mwishoni mwa sentensi, na sikuwahi kujua, kwa sababu sikuwahi kumwacha afike huko. Neno lilikuwa kwenye ulimi kabisa. Baki. Lakini nilikuwa siku ya nne, na Mwalimu anakuja Jumatatu. Nikamshika mkono, nikitumaini mkono utasema. Akasubiri. Akasubiri sana. Kisha akauchomoa, akaenda kutafuta begi.

Jumatatu, 10 Machi
Mwalimu Mstaafu amekuja. Amenikuta kimya. Amenipa mkono, na ameahidi kurudi kesho asubuhi kunyolewa ndevu. Nimeshinda. Nimekula mkate mkavu nikiwa nimesimama.

Jumanne, 11 Machi
Saa moja kamili nikafungua mdomo. Nikalisema lile neno jikoni. Sufuria alizipanga kabla ya kuondoka, kubwa chini, ndogo juu. Najuta. Nilitaka kuandika sababu zangu, lakini kila ninayoiandika inanitia aibu. Najuta tu.

Mwalimu alikuja kama alivyoahidi. Nikamweleza yote, tangu Jumanne iliyopita. Nilipofika Alhamisi aliinuka na nusu ya ndevu, akavuka barabara kwenda kwa Mpole.

Jumamosi, 15 Machi
Nimekwenda kwa shemeji. Mke wangu alinipokea vizuri, hata nikaona begi lake limesimama karibu na mlango, limefungwa. Akaketi mbele yangu. Akasema yuko tayari kurudi leo hii, ila kwanza ana mambo ambayo angependa nimsikilize mpaka mwisho.

Nikamwambia hilo ndilo hasa nililojifunza. Nikamweleza. Nilianza na pumzi, nikaja kwenye kuomba bila maneno, nikafafanua kwamba kunyamaza kwa kweli ni kumpa mwenzako nafasi ya kusema. Nilisema vizuri kuliko siku zote. Mara mbili alifungua mdomo, nikamwomba anivumilie kidogo. Kwenye sehemu ya maombi nikafumba macho.

Nilipoyafumbua, kiti chake kilikuwa kitupu, na begi halikuwepo mlangoni. Shemeji alikuwa amelirudisha chumbani. Akaniletea viatu vyangu.

Kesho narudi. Kuna mambo mawili muhimu kuhusu kusikiliza ambayo nilisahau kumwambia.