Gauni la Bi Harusi kwa Kiuno cha Muuza Nyama

Kwako Mheshimiwa Mtengeneza Programu, ambaye nje ya kazi ni mwanangu kwa dada,

Baada ya salamu, mimi mama yako mdogo, mpokeaji wa wateja katika duka letu la ushonaji, naishtaki kwako programu uliyotutengenezea. Harusi ni Jumamosi, na bi harusi hana nguo.

1. Mteja akija, najaza jina na vipimo vyake kwenye dirisha la Mapokezi, nabofya "Endelea". Linafunguka dirisha la Ukataji, lile linalomchapia mama yako karatasi ya kukatia kule chumba cha pili, nalo linaniuliza mteja ni nani! Kuuliza si ujinga, lakini huku ni kunichokoza.

2. Lisipouliza, linakisia. Nilipomaliza kumpima bi harusi, Ukataji lilikuwa bado limekumbatia vipimo vya muuza nyama aliyemtangulia. Karatasi ikatoka, mama yako akakata. Gauni lina nafasi ya bi harusi, bwana harusi na mpambe. Binti wa watu alilia mpaka nami nikalia naye. Kitambaa kilichobaki kinatosha kukata mara moja tu.

3. Ulinieleza kwenye simu kwamba kila dirisha lina msimamizi wake, na kwamba wasimamizi hao hawajuani mpaka mtu awapitishie habari. Hawajuani vipi, mwanangu, na wanakaa kompyuta moja, wanakula umeme mmoja? Huo si utaalamu, ni malezi mabaya. Mficha uchi hazai.

4. Kwa hiyo naomba wasimamizi wa Mapokezi na Ukataji waitwe kikao. Viti nimeshapanga. Yule wa Risiti naye aonywe mapema, nimeanza kuona anavyoringa.

5. Wakishindikana, itungwe sheria: yeyote chini ya paa hili anayejua kiuno cha mteja akakaa kimya, afukuzwe, bila kujali cheo wala undugu.

Msalimie mkeo, wanao, na mkweo mwenye mguu unaouma.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni,
Mama yako mdogo

Nyongeza: Kama huwezi kuja kabla ya Jumamosi, mpigie mama yako simu umwambie kiuno cha bi harusi ni inchi ishirini na nane. Yupo hapo chumba cha pili, namsikia akikohoa. Alinikosoa kipimo cha kola mbele ya wateja, na tangu hapo sisemi naye. Tafadhali asijue kwamba habari imetoka kwangu.