Pikipiki ya Sebuleni Yaenda Uwanjani

Jumatatu, 3 Machi

Amri imetoka. Mke wangu anasema mama yake alipokuja mara ya mwisho alikalia ndoo, kwa sababu sofa imesimamishwa wima kwenye korido na mahali pake pana pikipiki. Nikamkumbusha kwamba ndoo niliifuta. Haikusaidia.

Tumekubaliana hivi. Jumamosi uwanja wa mbio unawafungulia watu wa kawaida, kila mtu alete pikipiki yake aikimbize. Nikirudi na heshima, pikipiki inabaki sebuleni. Nikirudi na aibu, sofa inarudi ndani na pikipiki inahamia uani, chini ya turubai.

Uani! Mvua, vumbi, paka wa jirani. Pikipiki ya michezo, nyekundu, silinda mbili! Huwa naitazama nikila. Inanituliza kuliko dawa.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, naye atakuja na yake ya silinda nne. Amenipigia kuniambia nisijali, cha muhimu ni kumaliza salama. Ameshaanza.

Jumanne, 4 Machi

Kazi ya leo: kupunguza uzito. Nimetoa vioo, honi na kiti cha abiria. Nimetoa na stendi. Nani anahitaji stendi kwenye mbio? Sijawahi kuona mtu akiegesha kwenye kona. Sasa pikipiki imeegemea kabati la televisheni.

Jioni alipita Fundi Taratibu. Tunamwita hivyo kwa sababu hagusi bolti mpaka aitazame kwanza, kama daktari na mgonjwa. Nikamwuliza ni wapi pengine pa kupunguza. Akanitazama tumboni, akasema pikipiki yenyewe iko sawa. Sikumwelewa. Nimekula kidogo tu, sahani mbili.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata wazo! Kila silinda ina ekzosi yake ya kutolea moshi. Nimezitoboa zote mbili, matundu kumi na mawili kila moja, injini ipumue. Nikaiwasha pale pale sebuleni. Picha ya harusi imeanguka.

Mke wangu akasema debe tupu haliachi kuvuma. Nadhani alikuwa anaisema ekzosi.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi Taratibu amekuja kumalizia. Amemwaga maji ya dawa ya kupoza injini yaliyokuwa kwenye rejeta, akaweka maji matupu, maana yale yakimwagika uwanjani yanateleza. Bolti ya oili ameifunga kwa waya isije ikafunguka njiani. Taa amezibandika tepu, zikivunjika vioo visitawanyike. Kisha akaona matundu.

Akayahesabu moja moja, yote ishirini na manne. Halafu akasema mlangoni pa uwanja wanapima sauti kwa mashine na yenye kelele inarudishwa, ila kwa sauti hii watapimia wakiwa nyumbani kwao. Akanishauri nitafute ekzosi nzima kabla ya Jumamosi. Nikamwambia nina mpango. Sikuwa nao.

Ijumaa, 7 Machi

Sasa ninao. Jikoni kulikuwa na visugulio viwili vya sufuria, vile vya nyuzi za chuma. Nimeshindilia kimoja katika kila ekzosi mpaka matundu yakazibika. Nikawasha. Nimeisikia saa ya ukutani! Kesho nitapita ukaguzi, nitavichomoa, nitakimbia. Akili ni mali.

Mke wangu anauliza nani kachukua visugulio vyake na sufuria imeungua. Nikasema panya. Akauliza panya anavitakia nini. Nikasema usafi.

Jumamosi, 8 Machi

Foleni ya ukaguzi, saa nzima. Bila stendi. Nimeishika pikipiki kwa mikono miwili, jua la utosi, haja ndogo imenibana. Shemeji aliegesha yake, akanunua chai, akainywa mbele yangu. Akauliza kama anishikie kidogo. Nikasema nimezoea.

Mkaguzi, bwana mmoja mrefu asiyecheka, akapima sauti. Nimepita! Akasema hajawahi kusikia silinda mbili zenye adabu namna hii.

Nikaikokota pikipiki mpaka nyuma ya choo, nikachomoa kisugulio cha kulia. Papo hapo shemeji akatokea kunitakia heri. Nikaficha mkono mgongoni, tukajadili upepo wa matairi. Mara tukaitwa uwanjani. Cha kushoto nikakisahau.

Silinda moja ilikimbia. Nyingine ilikohoa. Shemeji akanipita. Akanipita tena. Mara ya tatu akanipungia mkono, mshenzi yule! Mke wangu alikuwa jukwaani anaona yote. Nikawaza turubai, nikamwaza yule paka. Nikafungua mafuta yote.

Mlipuko! Kisugulio kikaruka na moshi wake, kikatua miguuni pa mkaguzi. Injini ikafunguka, na kwa nusu mzunguko hapakuwa na mtu wa kunikamata. Kisha nikaona bendera nyeusi, ile ya kumtoa mtu mbioni. Ilikuwa yangu.

Mkaguzi akakiinua kwa koleo, akauliza hadharani hiki ni kitu gani. Mke wangu akasimama jukwaani, akasema ni chake, anakitafuta tangu jana.

Nimefungiwa mwaka mzima.

Jumapili, 9 Machi

Sofa imerudi. Mama mkwe ameikalia tangu asubuhi. Anasema kumbe sebule yenyewe ni kubwa.

Shemeji alinisaidia kuitoa pikipiki. Hakunitania hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kabla sijamaliza kufunga kamba, paka alikuwa ameshapanda juu ya turubai. Nililia kidogo. Fundi Taratibu aliniona, akajifanya anatazama bolti.

Lakini nimekaa, nimefikiri. Kosa halikuwa langu. Kosa lilikuwa la chuma. Chuma ni kizito, kinafuka moshi, na kinatambulika kutoka jukwaani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tena nimefungiwa mimi, mama mkwe hajafungiwa, na fomu ya uwanja ya kujiandikisha inataka jina na sahihi tu. Anasinzia sofani. Nitamwambia ni fomu ya kliniki.

Na jikoni leo nimeona sponji mpya. Ziko mbili.